Paka wa Bi Kazija na Mlango wa Halua

Haya, kaeni kitako. Wewe uliyesimama hapo mlangoni, ingia au toka, unanizibia upepo. Leo sitaki kusikilizwa tu, leo nataka hukumu. Nikimaliza kusema nitamnyooshea mtu kidole aniambie la kufanya, na asiyekuwa na jibu ndiye atakayeosha vikombe vyote hivi vya kahawa. Mmekubali? Msinijibu kwa kunong'ona, mmekubali?

Vizuri. Basi nifuateni.

Kule Pemba, mjini Wete, palikuwa na mtaa uliokuwa ukinukia hiliki na samli kutwa nzima. Harufu ile ilitoka nyumbani kwa Bi Kazija, mpika halua. Na nikisema mpika halua msinifikirie wale wanaokoroga wanga na sukari wakakuuzia gundi. Halua ya Bi Kazija ukiitia mdomoni unafumba macho bila kutaka. Mabwana harusi walikuwa wakiiagiza kabla hawajapata mchumba.

Lakini mama yule alikuwa na tabia moja. Halua ikishaiva, ikaanza kung'aa na kuachana na sufuria, anapaza sauti, "Haya, nje wote!" Kila mtu anatoka jikoni, hata yule anayekoroga. Komeo linatiwa. Mle ndani Bi Kazija anatia kitu, au anafanya kitu, au anasema kitu, hakuna anayejua. Mwenyewe anaita kuifunga halua. Baadaye mlango unafunguka, naye anatoka akijipangusa jasho kwa ncha ya kanga, hana hili wala lile.

Siri hiyo alipewa na bibi yake mzaa mama, kwa sharti kwamba na yeye aje kumpa mtu mmoja tu. Mmoja, hakuna wa pili. Sasa Bi Kazija hakujaaliwa mtoto, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mtaa mzima ulikuwa na wasiwasi. Bi Kazija akiondoka duniani, halua nayo itaondoka? Ukimuuliza anacheka, anakwambia, "Bado sijamwona wa kumfungia mlango naye yuko ndani."

Aliyeruhusiwa kubaki ndani alikuwa mmoja, naye alikuwa na mkia. Paka dume, mnene, rangi ya jivu, mwendo wa sheha anayekagua mtaa wake. Aliitwa Shahidi, kwa sababu katika viumbe vyote vya Mungu ndiye peke yake aliyeshuhudia halua ikifungwa. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza panya wasiguse magunia ya wanga na sukari, na ujira wake ulikuwa dagaa wakavu. Bi Kazija alikuwa akizungumza naye kuliko alivyozungumza na jirani yeyote. Akila, anamega. Akisali, paka yuko pembeni ya msala.

Sasa tazameni, nawatajieni watu watatu, na kila mmoja na kipaji chake. Wawekeni akilini, maana ndio mtakaowahukumu.

Wa kwanza ni Mize, fundi cherehani, nyumba yake ukuta kwa ukuta na jiko la Bi Kazija. Kipaji chake masikio. Mize alikuwa akisikia cherehani inaumwa kabla uzi haujakatika. Ukipita nyuma yake na makubadhi mapya anakwambia hongera bila kugeuka. Na afadhali alijaaliwa masikio, maana macho yalikuwa yameanza kumtupa. Siku hizo kila uzi wa kuingia kwenye tundu la sindano ilibidi amwombe jirani, na fundi wa kuombaomba kutungiwa uzi anajua mwenyewe kwamba siku zake za ufundi zinahesabika.

Wa pili ni Daktari Shaame, daktari wa mifugo. Jitu la miraba minne, akikaa kwenye kiti kiti kinalalamika. Lakini kipaji chake mkono mwepesi. Mkono ule ukiingia kumsaidia ng'ombe kuzaa, ng'ombe anaendelea kucheua kama hakuna mtu. Alikuwa karibu kustaafu, na kitu kilichomtisha si fahali wala mbwa mwenye kichaa. Kilichomtisha ni kukaa nyumbani kutwa hana kazi ya mikono, mkewe anamwuliza, "Na leo pia hutoki?"

Wa tatu ni Faki, mkorogaji wa Bi Kazija. Kipaji chake subira. Halua haitaki kuachwa hata ukakune mgongo, na Faki alikuwa ameikoroga tangu ndevu hazijamwota mpaka zikatia mvi. Wala hakuwahi kulalamika. Ila kila siku, ikifika pale penyewe, anaambiwa nje. Anasimama barazani na mwiko mkononi, ananuka moshi, anautazama mlango uliofungiwa halua aliyoikoroga yeye. Wewe ungestahimili? Mimi ningekuwa nimeshachungulia dirishani zamani.

Basi. Idi ilikuwa imekaribia, watu wamejaa barazani wakisubiri halua zao, na asubuhi ile Shahidi hakula. Bi Kazija akamtafuta, akamkuta kwenye lile boksi la majivu alilowekewa pembeni mwa jiko kwa haja zake. Amechuchumaa, mgongo kaupinda, anajikamua. Hakuna kitu. Akatoka, akajilamba kule nyuma, akarudi, akachuchumaa tena.

"Masikini Shahidi wangu, choo kigumu!" akasema Bi Kazija. "Ameiba ukoko wa halua huyu, umemganda tumboni. Faki, acha mwiko umpe mwenzio, njoo unishikie paka."

Na mpika halua, dawa yake unaijua, samli. Kwake yeye kitu chochote kilichoganda duniani hulainishwa kwa samli. Akaipasha moto, akamnywesha kijiko kizima, nusu ikamwagika kwenye masharubu ya paka. Shahidi akatoa mlio mwembamba ambao Faki hakupata kuusikia kutoka kwake. Bi Kazija akajipaka samli viganjani, akasema, "Sasa mlaze chali nimkande. Nikilibonyeza tumbo hili kwa nguvu, litatoka tu."

Upande wa pili wa ukuta, Mize alikuwa amesimamisha cherehani. Alikuwa akisikiliza tangu alfajiri. Paka anapokwenda haja ana mpango wake, anachimba, ananyamaza, halafu anafukia. Asubuhi ile Mize alisikia kuchimba, akasikia kilio, kufukia hakusikia. Akasikia kuchimba tena pembe nyingine ya boksi, kilio tena, kufukia hakuna. Shahidi alikuwa paka msafi kuliko baadhi yenu hapa, asingeacha kitu wazi. Mize akajiambia, huyu anakwenda na hakitoki kitu. Lakini kitu gani?

Akatupa mkasi, akazunguka mbio, akaingia jikoni bila hodi. Hakwenda kwa paka. Alikwenda kwenye boksi. Akaokota kijiti akapekua majivu, huku pua ameiweka karibu kwa ajili ya yale macho yake. Kinyesi cha jana kilikuwapo, laini, kimefukiwa vizuri. Kilichokosekana ni donge la majivu yaliyolowa. Hapakuwa na hata moja. Palikuwa na tone tu, jekundu jekundu, pembeni ya boksi.

"Bi Kazija, ondoa mkono!" akapiga kelele. "Choo anacho huyu. Ana mkojo uliozibwa! Tumbo hilo limejaa maji, ukilibonyeza unampasua!"

Mikono ya Bi Kazija ilikuwa imeshagusa manyoya. "Mize, tangu lini umekuwa mganga wa paka?"

"Mimi si mganga, mimi nimemsikia. Tangu jana mchana hajakojoa. Nakuomba kwa jina la Mungu, ondoa mkono."

Bi Kazija akaondoa mkono. Na mara hiyo hiyo Shahidi akatapika samli yote, akalegea, kichwa kikaangukia kwenye goti la Faki. Lahaula! Mama wa watu akaona dunia inamgeukia. Alitoka barazani mbele ya wateja wote, akarudi ndani, akatoka tena, hajui aendako. Halafu akaweka kiganja juu ya sufuria kubwa ya shaba aliyoachiwa na bibi yake, siku hiyo haikuwa motoni, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa muuza madafu:

"Shuhudieni nyote! Mtu atakayeniponyea Shahidi wangu, nitamfungia mlango naye yuko ndani. Naapa mbele ya sufuria hii. Sirudi nyuma!"

Baraza zima likatoa macho pima. Watu waliisubiri kauli ile miaka na miaka, na leo ameitoa kwa ajili ya paka. Mteja mmoja akapata akili akapiga simu ofisi ya mifugo.

Daktari Shaame akaja na pikipiki yake, mkoba begani. Akapiga magoti jikoni, sakafu ikasikia. Vidole vyake vikapita chini ya tumbo la Shahidi taratibu, kama mtu anayepapasa yai ajue kama ni bichi. Uso ukambadilika.

"Nani amesema ni mkojo?"

"Mimi," akasema Mize.

"Umesema kweli. Kibofu kimejaa, kigumu kama ndimu. Mngekikanda kingepasuka. Ndani ya mkojo wake kumefanyika chembechembe kama mchanga, zimeziba njia, na njia ya dume ni nyembamba mno. Sumu ya mkojo inarudi kwenye damu. Tukikaa hapa kuulizana, moyo utasimama." Akafungua mkoba huku anauliza. "Anakula nini huyu?"

"Dagaa wakavu," akajibu Bi Kazija.

"Na maji?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona Shahidi akinywa maji.

"Dume, mnene, anashinda ndani, anakula vikavu vyenye chumvi na maji hanywi. Maradhi haya ndiyo yanamtafuta wa namna hiyo. Nani anayemlisha?"

Faki akaangalia vidole vyake vya miguu. "Mimi, Daktari. Akinilia nampa. Nampenda."

Daktari akatia mkono mkobani. Vifaa vyake vingi vilikuwa vya ng'ombe na mbuzi, kuna bomba la sindano pale lililokuwa refu kuliko Shahidi mwenyewe. Akapekua, akapekua, mpaka chini kabisa ya mkoba akatoa mrija mmoja laini, mwembamba kama uzi, ungali kwenye karatasi yake. Mrija wa pili hapakuwa. Akamchoma Shahidi sindano ndogo ya usingizi, akamsafisha, akamwambia Faki amshike miguu.

Akauingiza mrija ukakwama. Akaurudisha, akasukuma maji safi ya dawa kupitia humo, kidogo kidogo, mchanga ulegee. Akajaribu tena, ukakwama. Jasho likamtoka Daktari mpaka kwenye kidevu, lakini mkono haukutetemeka. Mkono ungelazimisha, ungetoboa. Mkono ungeogopa, usingefika. Bi Kazija alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kanga uso mzima, anasoma anachokijua. Daktari akasukuma maji tena, akazungusha ncha ya mrija kwa vidole viwili, taratibu, taratibu.

Ukapita.

Mkojo ukaja! Kwanza mwekundu, halafu wenye mchanga mchanga, halafu ukamiminika kwenye bakuli ukasikika hadi barazani. Mize akapiga kigelegele, wanawake wa nje wakakidaka bila kujua sababu, walipoambiwa sababu wakaongeza. Jamani, nimekula harusi nyingi, lakini sijapata kuona mkojo ukipigiwa vigelegele. Mzee mmoja mstaarabu, kofia ya kazi ya mkono, alikuwa anapeana mikono na watu kama amejaaliwa mjukuu. Bi Kazija akafunua uso, akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akambusu Daktari kichwani, na ujue hakufika kirahisi.

Mngedhani imekwisha. Ngojeni.

Daktari alimtibu siku zile, akauacha mrija kwa muda, akauondoa, akamchoma sindano zake. Halafu akasema, "Mimi nimeufungua mlango, lakini kufungika tena ni rahisi. Dagaa wakavu basi. Apewe samaki mbichi wa kuchemsha bila chumvi, pamoja na mchuzi wake. Boksi lake liwe safi. Na lazima anywe maji, maji mengi, mchanga usipate nafasi ya kukaa. Asipokunywa atazibwa tena, na safari ya pili siwaahidi."

Maji! Shahidi na maji walikuwa hawajuani. Bi Kazija akamtilia kwenye bakuli la udongo, akalinusa akageuza uso. Akamtilia kwenye kikombe cha kauri cha wageni, akakipiga teke la mkia. Mchuzi wa samaki hakuutaka, samaki mwenyewe hakumtaka, bado alikuwa na kichefuchefu. Daktari akajaribu kumnywesha kwa bomba, matone mengine yakaingia, mengi yakaishia kwenye shati la Daktari. Mize akaweka sikio ukutani. Siku moja asubuhi akaja na uso wa majivu. "Nimemsikia anachimba. Amekwenda, hakukaa, amechimba tena."

Bi Kazija akakaa chini palepale. Daktari alipopapasa tumbo akasema kibofu kimeanza kujaa, na mkojo umekuwa mchache. Mtu yeyote asingeweza kumlazimisha paka yule kunywa. Hata wewe na ubishi wako usingeweza.

Faki ndiye alikuwa akikoroga wakati huo, na akamwona Shahidi amelala mahali pake pa siku zote, karibu na meko, macho kwenye mwiko. Mwiko ukienda huku, macho yanaenda huku. Ukizunguka, yanazunguka. Faki akakumbuka kwamba tangu alipokuwa kinda la kutoshea kwenye kiatu, paka huyu hakuwahi kutazama kitu kilichotulia. Maisha yake yote ametazama sufuria ikizungushwa. Siku hiyo sufuria ilipoteremshwa, Faki akatia maji safi kwenye sinia, akaliweka chini, akachukua mwiko mwingine msafi, akaanza kukoroga maji.

Bi Kazija akamtazama. "Faki, umerukwa na akili? Unapika maji?"

"Nyamaza kidogo, mama."

Akakoroga. Maji yakazunguka, yakafanya mikunjo. Shahidi akainua kichwa. Akasimama, akaja taratibu, akainama, akautia mguu mmoja akaukung'uta. Halafu akatoa ulimi, akanywa. Faki alipoacha kukoroga, paka akaacha kunywa. Alipokoroga, akanywa. Sasa ikawa ndiyo kazi. Mkono wa Faki ukitoka kwenye halua unaingia kwenye maji. Asubuhi, mchana, usiku, mabega yanawaka moto, na mwenyewe anamwimbia paka nyimbo za kukorogea. Siku ya pili Shahidi akaramba mchuzi. Ya tatu akala samaki. Mize akasikia kuchimba, kunyamaza, na kufukia, akapiga kigelegele peke yake kwenye cherehani, mteja akashtuka akajichoma pini. Daktari akaja akapapasa, akacheka peke yake. "Laini! Kibofu laini kama nyanya iliyoiva!"

Shahidi amepona. Amepona, kafukuza panya wawili siku hiyohiyo.

Sasa tunakuja kwenye lile jambo.

Siku ya kuamkia Idi, asubuhi, baraza limejaa, sufuria kubwa ya shaba iko motoni na Faki anakoroga. Bi Kazija akaketi kizingitini, paka mapajani, akasema, "Niliapa mbele yenu. Nani aliyemponya Shahidi?"

Mwanzoni walikuwa na adabu. Mize akasema, "Daktari." Daktari akasema, "Faki." Faki akasema huku anakoroga, "Mize." Watu wakawapigia makofi. Lakini zafarani ikatiwa, harufu ikapanda, na adabu ikayeyuka.

"Kama ni kusema kweli," akasema Mize, "nisingezuia mikono ile, Daktari angekuta maiti. Mrija unaingizwa kwa paka aliye hai. Na mimi, Bi Kazija, sindano siioni tena. Halua naweza kuipika kwa masikio na pua. Naisikia ikibadilika hata sasa, niko hapa nje na naisikia."

"Kusikia umesikia," akasema Daktari, "lakini angesikika akifa. Mkojo ulitolewa na mkono huu. Mrija ulikuwa mmoja, na nafasi ilikuwa moja. Nami mwakani nakaa nyumbani. Nipeni kitu cha kufanya na mikono hii, nisije nikaanza kuwatibu kuku wa mke wangu kwa nguvu."

"Daktari, wewe umefanya kazi uliyoajiriwa," akasema Faki, naye ni mara ya kwanza mtaa kumsikia akipaza sauti. "Na ulisema mwenyewe kuufungua si kuponya, angezibwa tena na ungeshindwa. Aliyemnywesha ni nani? Mwiko huu nimeushika umri wangu wote. Nimetolewa nje kila siku, sijalalamika. Leo nalalamika."

"Na dagaa wakavu alimpa nani?" akauliza Mize.

Mwiko wa Faki ukapunguza mwendo. "Mimi," akasema. "Kosa langu. Ndiyo maana sikulala kwa kukoroga maji."

"Na wewe Mize," Daktari akadakia, "ulimsikia tangu mchana wa jana yake. Ulingoja nini mpaka alfajiri ya pili?"

"Nilidhani ni cherehani inalia," akasema Mize polepole.

"Na wewe Daktari," akasema Bi Kazija mwenyewe, "mwezi uliopita ulikuja hapa kununua halua, ukamwona Shahidi na dagaa wake, ukasema, mashaallah, kanenepa."

Baraza likaanguka kwa kicheko, hata Daktari akacheka mpaka kiti kikalia. Halafu kila mtu akawa na rai yake. Mmoja akasema, "Bi Kazija, si uwafundishe wote watatu yaishe?"

Bi Kazija akatikisa kichwa. "Bibi yangu alikuwa na dada. Mama yao aliwapa siri wote wawili kwa kuwapenda sawa. Yakawa majiko mawili, kila mmoja anasema mwenziwe amekosea. Walikufa hawasalimiani, nyumba zao zinatazamana. Bibi alinishika mkono akiwa kitandani akaniambia, mmoja, Kazija. Siwezi."

Mwingine akasema, "Basi paka achague!" Wakamweka Shahidi katikati. Akamramba Mize kidole, akajisugua kwenye goti la Daktari, akaenda akalala juu ya mguu wa Faki, akaamka, akaenda zake kivulini. Paka ana akili kuliko sisi, hataki lawama.

Na pale pale Faki akasema, "Mama, inaachana na sufuria."

Bi Kazija akasimama. Ilikuwa halua ya Idi ya mtaa mzima, na inapofika hapo haingoji mtu. Akapaza sauti, lakini safari hii sauti ilitetemeka pamoja na mikono. "Haya, nje wote!"

Wakatoka. Shahidi akaingia, mkia juu. Mize, Daktari Shaame na Faki wakabaki kizingitini, bega kwa bega, hakuna anayemsukuma mwenziwe na hakuna anayerudi nyuma. Bi Kazija akashika komeo, akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga.

"Nyote mmenirudishia paka wangu," akasema. "Na mimi mlango ninao mmoja. Aingie mmoja."

Haya. Wewe uliyekuwa unanizibia upepo, nakunyooshea kidole wewe. Mwenye masikio, mwenye mkono, au mwenye subira? Usinitazame mimi, mtazame Bi Kazija, ameshika komeo anakungoja. Unamwambia amwingize nani? Sema upesi bwana, halua inaungua!